Kijiko Kimoja cha Mchuzi wa Njugu

Cheti changu kiko ukutani mpaka leo, kando ya kalenda ya kanisa, juu ya sinki ya wateja kunawia mikono. Mdosi, mwenye hoteli, ndiye aliyekitia kwenye fremu ya kioo. Kinasema nimehitimu mafunzo ya usalama wa chakula. Mtu akinawa anakisoma, kisha ananitafuta kwa macho kupitia dirisha la jikoni na kunitikisia kichwa kwa heshima. Hapo uso unanishuka. Nimepika katika hoteli hii hapa Machakos miaka kumi na minne, nimeungua mikono, nimetukanwa na walevi, nimewatukana walevi pia, na sijawahi kuionea haya kazi yangu. Hiyo karatasi ndiyo naionea haya. Nitaeleza ilivyokuwa, na sitajitetea, maana nimejitetea moyoni hadi nimechoka.

Nianze na mchuzi. Hoteli yetu inajulikana kwa kuku wa njugu. Nakaanga njugu polepole kwenye karai, nazitwanga mwenyewe kwa kinu, na kuku akikaribia kuiva nazimimina na kukoroga hadi mchuzi unakuwa mzito. Jumamosi watu wanatoka Nairobi na Athi River kwa ajili ya sufuria hiyo moja. Mimi ni mtu wa maringo, sikatai. Ukiusifu mchuzi wangu nitakuongezea kipande. Ukiukosea heshima, wee, siku hiyo utanijua.

Basi ilikuja barua kwamba kila hoteli mjini itoe mtu mmoja akafundishwe siku tatu kwenye ukumbi wa kanisa. Mdosi akanituma mimi. Nilikwenda nimevimba kichwa. Mwalimu wetu alikuwa afisa wa afya, msichana mdogo kuliko kifungua mimba wangu, na mimi nikawa najiuliza: huyu ndiye atanifundisha kuosha mikono? Siku mbili za kwanza nilivumilia. Ubao wa nyama mbichi usikatiwe kachumbari, sawa. Wali wa jana usilale mezani, sawa. Chai na mandazi vilikuwa vizuri.

Siku ya tatu akaanza habari ya mzio, "au aleji, kama wengi mnavyoita." Akasema kuna watu ambao mwili wao unakiona chakula fulani kama adui. Mayai, maziwa, samaki, njugu. Ati chembe tu inaweza kumziba mtu koo. Mimi nikasimama. Huwa siwezi kukaa na neno mdomoni.

"Madam," nikasema, "mimi nimezaliwa huko Kithyoko. Sisi tumekula mwolyo, yale mahindi ya njano ya msaada, na wadudu wake ndani. Hakuna mtu alituuliza kama tuko na aleji!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mzee mmoja wa kuchoma nyama alipiga meza. Nikabaki nimesimama nikicheka nao, nikijiona mtu wa maana. Yule msichana alingoja kicheko kiishe, hata hakukasirika.

"Na wale watoto waliokufa miaka hiyo, mama," akaniuliza, "mlijua kila mmoja ameuawa na nini?"

Nikakaa. Lakini usidhani nilifunzika. Nilikaa kwa sababu nilikosa la kujibu, na hilo lilinikasirisha zaidi. Nilikuwa na dada aliyekufa mdogo, na sikupenda nikumbushwe hivyo, mbele ya watu wa mandazi.

Msichana akaendelea. Akatuimbisha dalili kwa sauti kama watoto wa nasari, ukumbi mzima: kujikuna, midomo kuvimba, sauti kukwaruza, pumzi kukatika. Akatuonya juu ya maziwa. Anajua watu wetu: mtu akila kitu kibaya, kitu cha kwanza ni kumkimbilia na maziwa. "Huyu wa aleji msimpe chochote mdomoni," akasema. "Anayekosa pumzi mwacheni aketi, msimsimamishe, msimtembeze. Mfikisheni hospitali, na mseme wazi alichokula." Tukarudia tena na tena hadi ikatukaa kichwani. Mimi nilirudia kwa dharau, nikiigiza sauti yake, na jirani yangu akawa anafuta machozi ya kucheka. Jioni tukapewa vyeti.

Kesho yake mdosi akasema niwafundishe wenzangu. Wenzangu walikuwa mtu mmoja, mama wa kupakua. Mimi nikipika, yeye anapakua kutoka kwenye sufuria na kupeleka mezani. Alikuwa mtu wa Muthetheni, kama miaka thelathini na kitu, ana watoto wawili, mpole, na wa maswali mengi. Aliniita mwaitu, yaani mama, ingawa hatuna undugu. Nilimfundisha tukiwa tunamenya viazi, dakika tano hivi.

"Kila sufuria na upawa wake," nikamwambia. "Usitoe upawa kwa kuku ukautia kwa maharagwe. Basi, umehitimu."

"Lakini mwaitu, pawa tuko nazo tatu, na sufuria ni tano."

"Utajipanga."

"Na mtu akisema hali njugu?"

"Huyo anaringa tu. Mpe maji anywe."

Tulicheka. Kisha akaniomba daftari nililoandikia mafunzo, asome usiku watoto wakilala. Nikasema nitamletea. Aliniuliza tena Jumatatu, na wiki iliyofuata tena. Lilikuwa nyumbani juu ya kabati, na sikulileta. Hakukuwa na sababu. Nilipenda tu kuwa mtu pekee anayejua.

Haikupita muda akaja mteja mpya, mwalimu mmoja wa shule. Mwenyewe ni wa Kathiani, alikuwa amehamishiwa shule moja ya hapa mjini, na saa saba akawa anakuja kwetu kula chakula cha mchana. Siku ya kwanza hakuketi. Alikuja moja kwa moja kwenye dirisha langu, akafungua mkoba, akatoa sahani ya bati na kijiko vilivyofungwa kwa leso safi.

"Mama, habari ya kazi? Samahani kukusumbua. Mimi siwezi njugu hata kidogo, nikila nafura na pumzi inapotea. Tafadhali nipakuliwe kwa sahani yangu, maharagwe na chapati tu, na upawa ambao haujaguza kuku."

Aliongea kwa adabu zote. Ningekuwa mtu mwenye masikio ningesikia mtu anayeomba asife. Mimi niliona sahani. Ati mtu abebe sahani kutoka nyumbani aje nayo hotelini kwangu! Huko tulikolelewa, mgeni akikaribishwa chakula akakikataa, mwenye nyumba atalala akijiuliza amemkosea wapi. Na mgeni aje na chombo chake mwenyewe? Hiyo ilikuwa ni kuniambia kwamba mimi ni mchafu.

Wateja nao hawakunisaidia. "Mwalimu, kwani sahani za hapa ziko na shida gani?" Watu wanacheka, yeye anatabasamu kidogo na kula maharagwe yake. Nikampachika jina, Sahani. "Sahani amefika," nilikuwa namwambia mama wa kupakua, naye anasema, "Woi, mwaitu, wacha yeye." Lakini maharagwe ya mwalimu aliyapakua yeye mwenyewe kila siku, na upawa alikuwa anauosha kwanza kwa maji moto na sabuni. Nilimwona. Alifanya hivyo bila kuambiwa na mimi niliyekuwa na cheti.

Kila siku mwalimu alikuwa lazima aulize, "Mama, leo maharagwe hayana njugu?" Namjibu, "Hayana." Kesho tena, "Mama, hayana njugu?" Miezi miwili. Mimi najiambia, huyu ananipima akili.

Kisha ikaja Ijumaa ya kamati ya matanga. Watu kumi na wawili waliingia wakaagiza kuku wa njugu wote. Nikafurahi, nikapasha sufuria. Mwalimu akaja dirishani na swali lake, na mama mmoja wa ile kamati akamsikia.

"Kwani hiyo kuku iko na nini?" akauliza kwa sauti. "Mbona mwalimu anaiogopa?"

Mwalimu akajaribu kueleza kwamba ni mwili wake, si chakula. Wapi! Mama akanong'ona na mwenzake, mwenzake na wa pili, na baada ya dakika mbili kamati nzima ikabadilisha ikaagiza ugali na sukuma. Kuku wangu alirudi jikoni mzima. Nilisimama hapo na mwiko mkononi, damu ikinipanda hadi masikioni. Mwalimu alikuja kuniomba msamaha. Nikamwitikia kwa mdomo tu. Wikendi nzima nilikuwa naye kichwani.

Jumanne ndiyo nilifanya. Hoteli ilikuwa imejaa. Mama wa kupakua alipitisha sahani ya bati dirishani akielekea mezani, maharagwe na chapati mbili pembeni.

"Leta hapo niongeze chumvi," nikamwambia.

Akaiweka mbele yangu na kugeuka kuchukua maji ya mteja. Nilichukua kijiko kimoja cha mchuzi wa kuku, kimoja tu, nikakikoroga ndani ya maharagwe hadi rangi ikapotea. Nikamrudishia sahani. Akaipeleka.

Watu wakifanya ubaya husema hawakujua. Mimi nilijua. Nilikuwa nimefundishwa siku tatu, nikaimba dalili, nikapewa karatasi. Ila sikuamini. Na sikutaka afe, Mungu ni shahidi. Nilitaka amalize sahani yake, aipanguse kwa chapati, na kesho akija na swali lake nimwambie mbele ya wateja wote: "Mwalimu, jana ulikula njugu, na mbona uko hai?" Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo tayari. Nilitaka kumcheka, hivyo tu. Ndiyo kisa chenyewe, na kila nikikitamka kinakuwa kidogo na kichafu zaidi.

Alikula vijiko vinne au vitano. Nilikuwa namtazama kupitia dirisha. Akajikuna shingo. Akaweka kijiko chini, akakohoa kidogo, akanywa maji. Halafu akainuka, akaja pole pole hadi dirishani, mkono umeshika koo.

"Mama," akasema, na sauti ilikuwa imekwaruza. "Kuna njugu?"

Na mimi nikasema, "Hakuna."

Hapo ndipo ninapokwama kila siku. Kijiko ningekiita hasira. Lakini yule mtu alinijia, akaniuliza kwa sauti iliyokuwa inaisha, akiwa bado ananiamini, na mimi nikamwambia hakuna. Niliogopa kuaibika mbele ya meza nane za watu. Aliponiangalia midomo yake ilianza kuvimba mbele ya macho yangu, ikawa si midomo ya mtu ninayemjua, kisha akaporomoka sakafuni.

Nilitoka jikoni mbio. Watu walikuwa wamesimama, mmoja ameshatoa simu anapiga video. Mdosi anakuja na glasi ya maziwa, anapiga kelele, "Mpeni anywe, ni sumu!" Wale wengine wanataka kumwinua wamtembeze apate hewa. Na ule wimbo wa ukumbini niliokuwa nikiuigiza kwa dharau ukanijia wote, neno kwa neno. Niliipiga ile glasi ikamwagika. "Msimpe kitu! Msimwinue! Mwacheni aketi!" Nikamshikilia kwa nyuma akiwa ameketi sakafuni, pumzi ikipiga mluzi kifuani mwake. Mteja mmoja alikuwa na gari nje. Tukambeba tukiwa wanne, na nikamwambia dereva, "Ukifika useme ni njugu. Usiseme kingine. Ni njugu!"

Mama wa kupakua alikuwa amesimama katikati ya hoteli, sinia mkononi, macho kwenye ile sahani ya bati.

Mwalimu hakufa. Walimpiga sindano hospitalini, akalazwa siku mbili. Daktari alisema, na mteja mwenye gari akatuletea habari hiyo, kwamba dakika kumi zaidi angekuwa maiti, na kwamba aliyekataza maziwa na kumkalisha alifanya kazi nzuri sana. Hoteli nzima ilinigeukia. Mdosi alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Kisha akamgeukia mama wa kupakua. Wateja walikuwa wameondoka, tumebaki watatu.

"Njugu iliingiaje kwa maharagwe?"

"Sijui, bosi."

"Ulitumia upawa wa kuku?"

Aliangalia sufuria tano na pawa tatu. Nilimwona anavyotafuta kichwani. Alikuwa ameuosha, na mimi nilimwona akiuosha, lakini hoteli ilikuwa imejaa, alikuwa na meza nane, na mtu akiogopa huanza kushuku hata mikono yake mwenyewe.

"Sikumbuki vizuri," akasema. "Labda nilichanganya."

"Labda! Mtu amekaribia kufa unaniambia labda?" Mdosi akaelekeza kidole kwenye cheti changu. "Huyu alienda akafundishwa, akakufundisha. Sasa yeye anaokoa watu na wewe unawaua."

Nilikuwa na kitambaa mkononi. Neno moja tu lingetosha. Nilikunja kile kitambaa mara mbili, nikakikunjua, kisha nikaingia jikoni nikaanza kuosha ile sufuria ya kuku. Nilisugua hadi mikono ikauma. Nikamsikia akilia kimya kimya, nikamsikia mdosi akimwambia asirudi. Alikuja jikoni kuchukua mkoba wake. Aprini aliikunja vizuri akaiweka juu ya meza.

"Pole, mwaitu," akaniambia. "Nimekuaibisha. Ulikuwa umenifundisha vizuri."

Nikamwambia, "Enda salama."

Baada ya hapo mambo yangu yalininyookea, na hilo ndilo jambo la ajabu. Mdosi alinunua pawa saba, kila moja na rangi yake kwenye mpini. Yule msichana wa afya alisikia habari, akaniita niwasimulie watu wa mafunzo yaliyofuata. Nikasimama kwenye ukumbi ule ule nilikopigia mdomo, nikaeleza jinsi upawa mmoja uliochanganywa ulivyotaka kuua mtu. Walinipigia makofi. Msichana alinikumbatia na kusema, "Mama, nakumbuka ulivyonipinga. Sasa wewe ndiye mwalimu." Nilitamani sakafu ipasuke. Alinialika tena mwaka uliofuata, nikaenda tena. Nikasema uongo ule ule, safari hii vizuri zaidi.

Mwalimu mwenyewe alirudi baada ya wiki tatu. Alikuwa amekonda. Alibeba mfuko wa maparachichi kutoka shambani kwao Kathiani, akauweka kwenye dirisha langu na kuwageukia wateja. "Huyu mama ndiye sababu mimi niko hai," akasema. Kila msimu baada ya hapo akawa ananiletea mfuko. Sikuweza kuyala. Niliyagawa kwa majirani, wakanisifu kwa ukarimu.

Alianza kunizoea. Swali la kila siku likapungua, likawa la mara moja kwa wiki, kisha likaisha. Halafu siku moja, karibu miaka miwili imepita, akaingia na mkoba mdogo. Hakuwa na sahani.

"Leo nimeiacha nyumbani," akasema akicheka. "Niletee chochote umepika, kwa sahani yenu. Kama ni mkono wako siogopi."

Nilimpa chai ya rangi peke yake, nikamwambia chakula kimechelewa. Nikangoja watu waishe, ikafika kama saa tisa, nikavua aprini, nikatoka na kuketi mbele yake. Miaka hiyo yote sikuwahi kuketi na mteja. Nikamwambia yote, kuanzia kamati ya matanga hadi kijiko. Nilisema nikiangalia kikombe chake.

Alisukuma kikombe kando. Nilisikia tu bomba la sinki likidondosha maji.

"Nilikuuliza," akasema mwishowe. "Nilikuja hapo dirishani nikakuuliza."

"Ndio, mwalimu."

"Ukasema hakuna."

"Ndio."

Akafunga mkoba wake. Nilidhani ataniita muuaji, na nilikuwa nimejitayarisha kuitwa hivyo. Akaniuliza kitu kingine.

"Yule mama wa kupakua alifutwa. Ameshajua?"

"Bado."

"Kwa hiyo umeniambia mimi kwanza." Aliinuka. "Umeniambia mimi kwa sababu unajua nakupenda, na ulifikiri nitakusamehe leo leo. Enda kwake, mama. Mimi usiningoje."

Aliondoka bila kumaliza chai. Nikaenda nikamweleza mdosi pia, nikamwomba amrudishe yule mama kazini na kile cheti akiteremshe. Alinisikiliza mlango umefungwa. "Nyamaza," akasema. "Unataka kufunga hoteli? Hiyo maneno iishe hapa." Ndiyo maana cheti kiko ukutani mpaka leo.

Nilikwenda Muthetheni siku ya soko. Sikuhitaji kuuliza sana, kila mtu alinionyesha. Alikuwa na kibanda cha mabati karibu na wauza nafaka, majiko mawili, sufuria mbili, benchi moja. Mbele alikuwa amening'iniza kipande cha katoni kilichoandikwa kwa makaa, herufi kubwa kubwa: MCHUZI HUU UKO NA NJUGU. KAMA HULI NJUGU NIAMBIE KABLA. Nyuma yake pawa mbili zilikuwa kwenye misumari miwili, moja imefungwa uzi mwekundu, nyingine mweupe.

"Mwaitu!" Alinikimbilia akanikumbatia na mikono yenye unga. Akapangusa benchi kwa leso yake niketi. Akanimiminia chai, akaniuliza juu ya mgongo wangu, akaniuliza kama mwalimu yuko mzima. Nikasema yuko mzima. Akafumba macho akasema, "Asante Yesu."

Kisha akaketi karibu nami.

"Mwaitu, nikwambie ukweli? Mimi huota yule mwalimu. Naona ile midomo. Hata hapa, mtu akikula, mimi nangojea amalize ndio nipumue. Watoto wangu siwapikii njugu. Nimejiuliza sana niliushika ule upawa namna gani."

Niliweka kikombe chini.

"Si upawa," nikasema. "Si wewe. Wewe uliuosha, nilikuona. Ni mimi niliyetia."

Hakuelewa mara moja. Aliniangalia usoni, kisha mikono, na nikaona kitu kikimrudia kutoka mbali.

"Ile chumvi?" akauliza.

"Haikuwa chumvi."

Mzee mmoja alifika akataka wali na kuku. Aliinuka akamhudumia. "Mzee, wewe unakula njugu?" akamuuliza, na sauti yake ilikuwa haina kitu ndani. Mzee akasema anakula kila kitu. Akachukua upawa wenye uzi mwekundu, akampakulia, akarudi akasimama mbele yangu. Hakuketi.

"Miaka miwili," akasema. "Na kwetu ulikuwa unajua ni wapi."

"Nisamehe, mwanangu."

"Usinieleze chochote sasa. Enda tu."

Alichukua kikombe changu, chai ikiwa nusu, akaimwaga mchangani. Nilisimama nikaenda. Sikulia, sikuona kama nina haki hiyo. Nilipofika kwenye wauza nafaka niligeuka. Nilifikiri labda atakuwa ameketi, au amekitoa kile kipande cha katoni. Kilikuwa bado kinaning'inia. Mzee alikuwa akila, naye amesimama kando yake, mkono kifuani, akimtazama mdomo, akingoja amalize.